Eosinofili za umio: kwa anayeanza kuzihesabu

Ukianza kazi ya kupima uvimbe wa umio unaoletwa na mzio, kubali mapema kwamba kupima damu hakutoshi. Eosinofili (aina ya chembe nyeupe zinazohusika na mzio) za damu zinaweza kuwa za kawaida huku umio umejaa chembe hizo, na kwetu, penye minyoo na kichocho, zinaweza kupanda sana na umio ukawa salama. IgE, kingamwili ya mzio inayopimwa kwenye damu, nayo haikuambii kama umio umevimba. Jibu liko kwenye kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenye umio na kutazamwa kwa hadubini.

Vichukuliwe vipande visivyopungua 6, kutoka sehemu mbili au zaidi: chini karibu na tumbo, na katikati au juu. Ugonjwa huu hukaa kwa mabaka. Kipande kimoja safi, jirani yake kimejaa. Hata umio ukionekana mzuri kwenye kamera, vichukuliwe tu. Kila sehemu iwe na chupa yake ya fomalini ya 10%, na fomu itaje dawa anazotumia mgonjwa, kwani omeprazole (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) na steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) huweza kuzipunguza chembe hizo hadi ukadhani hajawahi kuugua.

Pitia slaidi nzima kwa lenzi ya 10, tafuta palipojaa kuliko kwingine, ndipo uweke ya 40. Andika idadi ya hapo, si wastani. Kizingiti ni chembe 15 kwa eneo moja la lenzi hiyo, au takriban 60 kwa milimita ya mraba.

Hapo wengi huteleza, maana hadubini hazilingani. Soma namba ya upana wa uwanja iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho, si ile ya ukuzaji. Ikiwa 18, gawanya kwa 40: kipenyo ni milimita 0.45, eneo ni 0.16 za mraba. Ikiwa 22, eneo ni 0.24. Chembe 11 kwenye hadubini ya kwanza ni sawa na 69 kwa milimita ya mraba, zimeshavuka! Aliyekariri 15 pekee atamrudisha mgonjwa huyo nyumbani, aendelee kukwamwa na nyama kooni. Ripoti ibebe hesabu zote mbili.

Kuvuka kizingiti nako hakutoshi bila dalili, kwa kuwa kucheua asidi pia huleta eosinofili.

Baada ya wiki 8 hadi 12 za tiba, vinyama vichukuliwe tena. Usitegemee kauli ya "nameza vizuri sasa": muulize anatafuna kwa muda gani, na kama kila tonge analisukuma kwa maji.