Jibu kwa dada wa Nakuru: tuta la katikati ya tumbo baada ya kujifungua

Dada, hongera kwa mtoto na pole kwa maneno uliyotupiwa humu. Nimesoma uzi wote. Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ana mtoto wa pili wa miezi minane, alijifungua kwa upasuaji, tumbo bado linaonekana kama la mimba ya miezi mitano, na akiinuka kitandani tuta linasimama katikati kutoka chembe cha moyo hadi kitovuni. Mwalimu wa jimu amempa sitapu (lile zoezi la kulala chali na kuinua kiwiliwili) mia kwa siku. Mdau mmoja amemwambia ni henia, yaani ngiri, mwingine amesema madaktari walimkata misuli ndiyo maana tumbo haliwezi kushika tena.

Mimi ni muuguzi wa thieta, chumba cha upasuaji, hapa Kisumu, na ni mama wa wawili. Wote nilizaa kwa njia ya kawaida, na tuta hilo nilikuwa nalo. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia kisu ndicho kilichokuletea.

Hilo la kukatwa misuli linanikera kwa sababu nalisikia wodini kila mara. Upasuaji mwingi wa uzazi hufuata mkato wa Pfannenstiel, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1900, yaani mstari wa kulala, juu kidogo ya mfupa wa kinena. Kisu kinapita kwenye ngozi, kinapita kwenye mafuta ya manjano, kisha unakutana na utando mweupe, mgumu, unaong'aa chini ya taa. Utando huo ndio unaopasuliwa kwa mkasi, kulia na kushoto. Chini yake iko misuli miwili myekundu imesimama wima, bega kwa bega, na hapo daktari anaweka vyuma kando. Anaingiza vidole katikati ya misuli na kuivuta, mmoja huku, mwingine kule. Mama aliyechomwa sindano ya mgongo yuko macho, na wengi huuliza, "Sista, mbona mnanivuta hivyo?" Tunamvuta kweli. Mtoto akitoka na kizazi kikishashonwa, misuli inarudi mahali pake, utando unashonwa, ngozi inafungwa. Ganzi unayoihisi juu ya kovu ni ya vineva vidogo vya ngozi vilivyoguswa njiani, na mara nyingi hupungua taratibu.

Mkato wa wima ni jambo jingine, na ukanda huu unaujua tangu zamani. Mwaka 1879 tabibu Mwingereza Robert Felkin alishuhudia Kahura, Bunyoro, Uganda ya leo, mganga wa kienyeji akimpasua mama kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu. Mama alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyo hiyo ikatumika kuosha tumbo na mikono ya mganga. Kidonda kilifungwa kwa pini za chuma na nyuzi za gome. Yule mganga alipita kwenye mstari wa katikati, penye damu kidogo na pasipo na msuli wa kukata. Mstari huo ndio wenye tatizo lako.

Shika ubavu wako, kati ya mbavu na nyonga. Chini ya ngozi na mafuta kuna misuli mitatu bapa iliyolaliana. Wa juu kabisa ni wa mshazari wa nje, nyuzi zake zinashuka kuelekea mbele, upande ule ule vidole vinavyoelekea ukiingiza mikono kwenye mifuko ya koti. Chini yake ni wa mshazari wa ndani, unaokwenda kinyume. Wa tatu, wa ndani zaidi, ni transvesasi, nyuzi zake zimekingama na kukuzunguka kiunoni. Neva zinazolisha ukuta huu hupita kati ya huo wa pili na wa tatu, na ndiyo maana siku hizi daktari wa usingizi akitaka kukupunguzia maumivu baada ya upasuaji huweza kupenyeza dawa kwa sindano katika nafasi hiyo hiyo.

Ikikaribia mbele, misuli hiyo mitatu inaisha. Haifiki katikati kama nyama, inageuka kuwa utando mweupe. Tando hizo huifunika ile misuli miwili ya wima, inayoitwa rektasi, inayotoka kwenye gegedu za ubavu wa tano hadi wa saba na kushuka hadi kinenani. Kisha tando za kulia na za kushoto zinakutana katikati na kusukana kama ukili wa mkeka. Msuko huo ndio linea alba. Hauna nyama, na hakuna mazoezi duniani yatakayoujaza nyama. Juu ya kitovu ni mpana, chini yake ni mwembamba, ndiyo maana wengi huona tuta juu ya kitovu au penyewe.

Mimba inapokua, msuko unavutwa kwenda kando na kulegea, na misuli ya wima inaachana. Hilo hospitalini wataliita dayastasisi, na sidhani lilistahili kukutia hofu uliyonayo. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata wanawake 300 waliozaa mara ya kwanza. Wiki sita baada ya kujifungua, 6 kati ya 10 walikuwa na mwanya wa upana wa vidole viwili au zaidi. Mwaka mmoja baada ya kujifungua bado karibu theluthi moja walikuwa nao. Na hawakuumwa mgongo zaidi ya wenzao wasio na mwanya, ingawa intanetini utaambiwa kila maumivu ya kiuno yanatoka hapo. Waliobeba vitu vizito mara 20 na zaidi kwa wiki ndio walioonekana kuwa nao zaidi, na hilo nalitafakari kila nikiona mama aliyejifungua juzi akipandisha mtungi wa lita 20 kichwani.

Jipime hivi. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu ya kitovu vikielekea miguuni, kisha inua kichwa tu kutoka kwenye mto. Utahisi kingo mbili ngumu za misuli, na katikati nafasi laini. Wengi huhesabu vidole wakaishia hapo, wakaanza kulia. Usihesabu tu, bonyeza. Hata wanawake ambao hawajazaa wamepimwa wakakutwa na nafasi ya hadi milimita 22, sentimita tatu juu ya kitovu, na hawana shida yoyote. Linalonihusu mimi ni kama kidole kinazama bila kupata upinzani, au unahisi chini yake kitu kimekazwa kinachokurudisha. Mwanya wa vidole viwili uliokaza ni afadhali kuliko wa kidole kimoja na nusu ulioregea.

Hapo ndipo sitapu zako zinapokosea njia. Diane Lee na Paul Hodges walichunguza jambo hili kwa ultrasaundi mwaka 2016. Ukiinua kichwa na mabega, misuli ya wima inasogeleana, mwanya unapungua, unaona kama umeshinda. Lakini kingo zikisogea, utando wa kati unabaki bila wa kuuvuta, unakunjamana, na presha ya ndani inausukuma nje. Tuta unaloliona ndilo hilo. Ukitangulia kukaza transvesasi, mwanya hauzibi sana, ila utando unavutwa pande zote mbili na tumbo linabaki bapa. Kwa hiyo si kwamba sitapu ni sumu. Sitapu mia kwa siku kwa mama mwenye tuta ni uvivu wa mwalimu, basi.

Kuna mama anayeuza omena soko la Kibuye tuliyefanya naye kazi hii kwenye benchi la kliniki. Nilimwambia aweke vidole ndani kidogo ya mifupa ya nyonga, apumue nje polepole kama anayepoza chai, na pumzi ikitoka avute sehemu ya chini ya tumbo iende ndani bila kusogeza mgongo. Mwanzoni alibana pumzi na kusukuma, kidole kikatupwa nje. Akajaribu tena, pumzi ikatoka, na pale chini ya vidole kukakaza kidogo tu, kama hamna kitu. Alinitazama kana kwamba nimemdanganya. "Hii tu?" Hii tu. Ukishaipata ukiwa umelala, ifanye umekaa, kisha umesimama, kisha ukiinua mtoto, pumzi ikitoka wakati wa kuinua. Ukiwa tayari utarudi hata kwenye sitapu, na kipimo ni tuta lenyewe: likisimama, zoezi hilo bado si lako, rudi nyuma hatua moja. Na kitandani geuka ubavu kwanza, ujisukume kwa mkono. Kikohozi kisichoisha na kufunga choo uvitibu, kwa sababu vinasukuma ukuta huo huo siku nzima.

Kuhusu leso au mkaja, funga ukipenda, wiki za mwanzo unakupa nguvu ya kusimama na kupunguza maumivu ya kidonda. Hauunganishi misuli. Ukikazwa mpaka unapumulia kifuani, presha inakwenda chini kwenye misuli ya nyonga, na hapo unaweza kuanza kuvuja mkojo ukicheka. Chai za kupunguza tumbo nazipita, hazina la kufanya na utando.

Sasa henia. Dayastasisi ni utando uliotanuka ukiwa mzima. Henia ni tundu. Tuta lako ni refu, laini, linatokea ukijikaza na kupotea ukilala, halina kingo za duara. Henia ya kitovu au ya juu yake ni uvimbe wa mahali pamoja, unaweza kuuzungushia kidole, na ya baada ya upasuaji hutokea kwenye kovu lenyewe. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo mdau aliyetaja henia hakukosa kukutaka upimwe, alikosa kukutisha. Uvimbe ukiwa mgumu, haurudi ndani, unauma au ngozi yake inabadilika rangi, au ukianza kutapika au kushindwa kutoa hewa, usingoje asubuhi. Huo huenda ni utumbo ulionaswa, nenda kasualti usiku huo huo.

Dayastasisi yenyewe si ya dharura. Upasuaji wa kushona utando upo, ila wengi husubiri mpaka wamemaliza kuzaa, maana mimba nyingine itautanua tena, na kabla ya hapo hufaa kujaribu mazoezi kwa miezi kadhaa. Pale kwenu Nakuru, hospitali ya rufaa ambayo wengi bado tunaiita PGH ina idara ya fiziotherapia. Wa Kisumu waende Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Waambie wakupime ukiwa umelala na ukiwa umesimama, na usiondoke kabla hawajaweka mkono kitovuni na kwenye kovu huku ukikohoa.