Barua kwa mwanangu kabla ya safari ya Mtwara

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na baba yako nimemsomea. Unauliza hivi: wewe na wenzako mkishaondoka Dar na hicho kigari chenu mlichokitia godoro na jiko la gesi, mkifika mahali usiku na watu wakawakaribisha, mlale kwao ndani au mlale garini?

Laleni popote. Mimi nataka kujua mtaamka vipi, maana ugeni ni kazi. Umeshalichoka neno hilo tangu utotoni, kila tulipokwenda Korogwe kwa bibi yako nikakuamsha alfajiri ukateke maji. Nalirudia: ugeni ni kazi.

Safari yetu ya Kombi unaijua kama baba yako anavyoisimulia kila Idi, na pale tulipoisukuma watu sita kwenye tope ndipo anapocheka mpaka machozi. Kipande cha Ndundu, pale kivukoni Rufiji, hukiruka. Mimi kimenikaa.

Ilikuwa Aprili 1986. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003. Wakati ule Rufiji ilivukwa kwa pantoni. Tulifika mto umefurika, pantoni imefungwa kamba, malori yamepanga foleni. Usiku wa kwanza tulilala garini na mvua ikatuingilia. Asubuhi akaja mama mmoja mtu mzima, kajifunika jani la mgomba, akagonga kioo: "Wanangu, mtaoza humo. Njooni ndani." Hakuuliza sisi ni akina nani wala tunakwenda wapi.

Tulikaa kwake siku tatu. Siku ya kwanza wali na kambale. Ya pili ugali na kisamvu. Ya tatu alfajiri nilikuwa naye jikoni, mimi nikipuliza moto, akanyoosha mkono juu, pale moshi unapopitia, akaangua mahindi. Unajua mahindi yanayoning'inizwa juu ya mafiga ni ya nini. Bibi yako alikuwa nayo. Yale yalikuwa mbegu, ya kupanda mlau, kile kilimo cha bondeni maji ya mafuriko yakishashuka. Mpunga bondeni ulikuwa bado mbichi. Hakusema neno. Aliketi akayapukuchua, punje zikidondokea kwenye ungo, nje nyeusi kwa masizi na kwenye kiini bado njano. Nami nikaketi nikamsaidia kupukuchua. Mikono yangu ilijua inachofanya, na mdomo ukanyamaza.

Na garini, chini ya kiti cha nyuma, tulikuwa na sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwasimulia foleni za duka la ushirika? Ndiyo sukari hiyo. Ilikuwa ya kumpelekea shangazi yake baba yako, Lindi. Nilimfuata baba yako nikamnong'oneza. Akasema ile ina mwenyewe. Nikarudi jikoni. Uji tukaunywa kwa chumvi.

Nimejitetea miaka mingi. Labda angeona tunamlipa. Tulipoaga nilimpa hela, akanikunja vidole juu yake na kuurudisha mkono wangu kifuani kwangu. Mtu anayekufungulia mlango bila kukujua jina ana heshima yake, huigusi ovyo. Lakini sukari si hela! Sukari ningeiweka tu karibu na mafiga, nikasema, "Mama, leo tunywe chai." Nani angekasirika? Halafu namfikiria baba yako: amana ni amana, naye hakukosea. Hapo huwa nakwama, na mbegu zinabaki zimeliwa. Lindi, shangazi alipokoroga chai kwa furaha, sikuweza kuinywa. Nilisema kichwa kinaniuma.

Tangu daraja lijengwe tumepita pale mara tatu. Ni dakika moja tu, uko juu ya maji. Nageuza shingo, nyumba siioni.

Kuhusu safari yenyewe hukuniuliza, na nimejizuia tangu mstari wa kwanza. Sisemi msiende. Ila Mei 2024, kilipopita kimbunga Hidaya, barabara hiyohiyo, na lami yake, ilikatika pale Somanga. Nanyi mnataka kuondoka katikati ya masika. Mngengoja hata Juni... Basi, nanyamaza. Mmeshakuwa watu wazima.

Nimenunua sukari kilo sita, sabuni za mche nne na majani ya chai. Vipo kwenye kabati la vyombo, pitia uvichukue. Nyumba itakayowafungulia, viingie jikoni usiku uleule, kabla hamjaonja chakula chao. Baba yako ameviona akauliza ni vya nani. Nikamwambia ni vya njiani. Hakuuliza tena, akaenda kutafuta mfuko mgumu wa kuvitilia.

Mama yako