Kabla hujaachia albamu ya kuchezeka, panda kifodi

Dogo mmoja wa Kijenge kaniletea nyimbo kumi na mbili. Zote za kuchezeka, anataka ziwe albamu yake ya kwanza. Nikamuuliza, umeshamwona mtu akizicheza? Akasema amezisikiliza sana kwenye hedifoni. Nikacheka, maana na mimi nilianza hivyohivyo.

Arusha yetu ni mji wa X Plastaz na Weusi, makundi ya hip hop. Watu wa hapa wanasikiliza mistari kwanza, na sisi tunaoimba pop tunaandika kwa kuogopa kuonekana wepesi. Wimbo wangu wa kwanza ulianza na kinanda na maneno mazito kwa sekunde arobaini na tano ndipo ngoma ikaingia. Nikamwomba dijei aupige kwenye sendofu ya binamu yangu. Mama zangu wadogo wakanyanyuka, wakasimama na vitenge vyao kiunoni, wakangoja. Wakangoja. Mmoja akaenda kuongeza soda. Ngoma ilipoingia, alikuwa amebaki mpiga picha.

Ukipiga hesabu utaona kosa lilipo. Biti ya mapigo 120 kwa dakika, yakihesabiwa manne manne, kila baa ni sekunde mbili. Baa nane (za muziki, si zile za bia) ni sekunde 16. Hapo mtu awe ameshajua mguu aweke wapi. Nilikata utangulizi wote, na sikuukumbuka tena.

Jaribio la pili ni kifodi, yaani daladala zetu za hapa. Mwombe dereva wa Ngaramtoni auweke wimbo mkitoka Kilombero, wewe kaa siti ya nyuma, juu ya spika. Mimi kufika Sakina sauti yangu ilikuwa imemezwa, besi na kiki (lile pigo zito la ngoma) zinagombania sehemu moja. Prodyuza akaifanya besi ishuke kidogo kila kiki inapogonga, nafasi ikapatikana. Halafu usikilize kwenye simu ndogo, ambako besi ya chini kabisa haisikiki. Kama wimbo umekufa hapo, mwombe aongeze nota zilezile kwa sauti ya juu zaidi.

Kwa njia hiyo nyimbo zangu tisa zilibaki saba. Huyo dogo nadhani atabaki na tano, na tano zinatosha.

Mambo ya karatasi hayapendezi ila yafanye siku ya kwanza, studio ikiwa bado na vicheko: nani kaandika maneno, nani katunga melodia, nani katengeneza biti, asilimia ngapi kwa nani, sahihi. Ukasajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Na usilipe pesa ya mwisho kabla hujapewa faili za kila sauti peke yake, kwenye flashi yako mwenyewe.

Mimi nililipa kwanza. Ndiyo maana albamu yangu ilitoka na nyimbo sita. Wa saba bado uko kwenye kompyuta ya prodyuza wangu wa zamani, na simu yake inaita tu.