Jibu kwa mtoa mada: ukurasa wa maktaba upo, wasomaji hawaji

Salaam wakuu. Mtoa mada yuko maktaba ya wilaya. Amefungua Facebook na Instagram, anaposti kila siku, na laiki anazopata ni za wafanyakazi wenzake. Anauliza kasoro iko wapi, na kama aige mambo ya maktaba ya New York.

Mkuu, nimepita hukohuko. Nimekaa kaunta ya maktaba ya mkoa miaka tisa (mkoa siutaji), na mwaka wa kwanza ukurasa wetu ulikuwa heri ya sikukuu, mgeni rasmi akikata utepe, mgeni rasmi akisaini kitabu cha wageni. Nani akomenti nini hapo? Komenti ya maana ilikuwa moja tu, mtu kauliza "Jumamosi mnafungua?", ikakaa wiki tatu bila jibu. Msomaji alikuwa huyo, sisi tukampita tunatafuta wafuasi.

Kilichotufungulia njia ni kitu kidogo. Vitabu vikirudishwa huwa tunavikung'uta kabla ya kuvirudisha kwenye rafu, na vinatoka vitu: tiketi ya basi, vocha iliyokwanguliwa, risiti ya mbolea, jani la mwarobaini lililokauka likaacha umbo lake kwenye ukurasa. Siku moja nikavipanga mezani, nikapiga picha, nikaandika, "Tumevikuta vitabuni wiki hii. Chako kipo?" Komenti zikamiminika. Dada mmoja alisema risiti ni ya baba yake, nyumba nzima imeshapinduliwa kuitafuta. Mwingine akataka kujua jani limetoka kitabu gani, akaja kukiazima. Ikawa ya kila Ijumaa.

Sasa hapo nikavimba kichwa. Tulikuwa na grupu la WhatsApp la wanachama, nikatuma humo orodha ya waliochelewesha vitabu, majina na vitabu vyenyewe. Kesho yake mzee mmoja akaja na kitabu kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka kaunta, juu yake kadi yake ya uanachama. Kilikuwa cha lishe ya mgonjwa wa kisukari. Nyumbani hakuna aliyejua anaumwa, na mkwewe yumo kwenye grupu. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, mengine huulizwa pembeni," akaondoka, hajarudi.

Tangu hapo anayedaiwa tunampigia yeye mwenyewe, na simu ikipokelewa na mwingine kitabu hakitajwi. Picha za Ijumaa nazo, chochote chenye jina, namba au sura ya mtu kinabaki kwenye droo. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, isome kabla hujafungua grupu.

Kuhusu New York: mwaka 2018 waliweka riwaya za kale kwenye stori za Instagram. Unakandamiza kidole gumba, ukurasa unatulia usome. Ukikiinua unakuja mwingine. Nimeipenda sana, ila wale walifanya na kampuni ya matangazo, na riwaya zenyewe hakimiliki ilishakwisha. Wewe ukipiga picha kurasa za mwandishi aliye hai ukaziposti, jiandae kuitwa. Piga picha jalada na orodha ya yaliyomo tu, mwenye hamu atakuja.

Video ndefu achana nazo, watu wanahesabu bando. Kwetu kinachofanya kazi ni status ya WhatsApp: picha ya vitabu vipya bado viko kwenye boksi, au taarifa kwamba leo umeme umekatika msije na laptopu. Hiyo ya umeme watu wanaishukuru kuliko bango lolote la wiki ya usomaji.

La mwisho, paswedi. Ukurasa wetu wa kwanza ulifunguliwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo kwa namba yake. Alimaliza miezi yake miwili akaondoka, namba akaibadilisha. Andikisha kwa namba ya ofisi, paswedi iwe kwenye daftari ndani ya kabati linalofungwa. Ule wa kwetu upo mpaka leo na saa za zamani, hatuwezi kuugusa, na kila wiki hakosi mtu wa kugonga mlango saa 2 asubuhi wakati tunafungua saa 3.