Maswali ya gemu: ndani ni kompyuta, mlangoni kuna kufuli

Safari hii Iringa imeizidi Mbeya kwa maswali. Watu wa Mwanjelwa, Mbeya, hawaandiki, wanakuja wenyewe dukani kubishana, tena saa ya chakula.

*Kamwene fundi. Tunabishana hapa kijiweni Kihesa. Mimi nasema PS4, ile mashine ya gemu ya Sony, ni kompyuta tu, imevalishwa koti jingine. Mwenzangu anasema nimechanganyikiwa. Nani anunue chai?*

Anunue mwenzako, na chapati juu. PS4 ilipotoka Novemba 2013 ilikuwa na prosesa (ubongo wa mashine) ya kampuni ya AMD, yenye kori nane, yaani vitengo nane vya kazi, za aina ya Jaguar, ukoo uleule uliokuwa kwenye laptop za bei ya chini. Xbox One ya Microsoft ilitoka mwezi huohuo na ukoo huohuo. Ukifungua PS5 au Xbox Series X za 2020 unakuta kori za Zen 2 na upande wa picha RDNA 2, majina ambayo kila muuza kompyuta anayaimba. Hata Xbox ya kwanza kabisa, ya 2001, ilitumia prosesa ya ukoo wa Pentium III ya 733 MHz, ikiwa na hadi diski yake ndani kama kompyuta ya ofisini.

Tofauti ya kweli iko kwenye ramu, ile kumbukumbu ya kazi. PS5 ina GB 16 za ramu aina ya GDDR6, na prosesa na picha vinakula sufuria moja. Kompyuta ya mezani ina ramu yake, na kadi ya picha ina ya kwake, kwa hiyo mizigo inahamishwa kila saa kutoka huku kwenda kule.

Kilichobaki ni kufuli. Sony wenyewe waliwahi kuruhusu mtu kuweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye PS3 na kuitumia kama kompyuta. Jeshi la Anga la Marekani likanunua PS3 kwa wingi na kujenga kompyuta kubwa ya mashine 1,760. Aprili 2010 ikaja apdeti ya 3.21 na ruhusa ikaondolewa. Mashine haikubadilika hata skrubu moja. Kwa hiyo mtu akikuambia "vifaa havilingani", muulize ufunguo anao nani.

*Naweza kuchomeka diski ya PS4 kwenye laptop nikacheza?*

Hapana. Hili nalijibu kwa mara ya nne. Ukoo mmoja haumaanishi nyumba moja.

*Fundi, gemu zangu za PS3 PS4 inazikataa, lakini za PS4 PS5 inazipokea. Ni tamaa ya kampuni tu? (Tukuyu)*

Tamaa ipo, ila hapa haina kosa. PS3 ilikuwa na prosesa ya Cell, waliyoitengeneza Sony, Toshiba na IBM kwa pamoja. Ilikuwa na nguvu na kichwa kigumu: kori moja kuu, na wasaidizi wake pembeni ambao mwandishi wa gemu alipaswa kuwagawia kazi mmoja mmoja kwa mkono. Wengi iliwashinda. Gemu ileile ya kampuni nyingine mara nyingi ilikimbia vizuri zaidi kwenye Xbox 360, mashine iliyotangulia mwaka mmoja. Sony walipohamia vifaa vya ukoo wa kompyuta mwaka 2013, lugha ya Cell ikabaki bila mkalimani. Toka PS4 hadi PS5 lugha ni ileile, ndiyo maana karibu gemu zote zinapita.

Wale mnaoniandikia kwamba kila mashine ingebaki na vifaa vyake "ili iwe na ladha", hiyo kabati ya diski zisizochezeka ndiyo ladha yenyewe.

*Kipi bora, PS5, Xbox au kompyuta?*

Hujasema una shilingi ngapi, unacheza nini, wala nyumbani kwenu nani anashika rimoti ya TV. Rudi na hayo matatu.

*Nilicheza FIFA 22 kwenye kompyuta yangu, halafu nikaiona kwa jamaa yangu kwenye PS5. Wachezaji wa kwake wanakimbia kama watu, wa kwangu kama wanasesere. Kadi yangu ya picha ni kubwa kuliko PS5 yake! (Forest, Mbeya)*

Kadi yako nakuamini. Waliokupunja ni watengenezaji. FIFA 22 ya kompyuta ilikuwa ndugu wa ile ya PS4. Ule mwendo mpya waliouita HyperMotion waliuacha kwa PS5, Series X na wenzao, na kompyuta ikasubiri hadi FIFA 23. Kilichokosekana hapo ni nia.

Upande wa pili upo pia. Ndani ya kila PS5 ya kawaida mtengenezaji anakuta kifaa kilekile cha picha, hivyo maelekezo ya kuchora anayapika kiwandani na wewe unapakuliwa tu. Kompyuta zina kadi za kila aina, kwa hiyo maelekezo hayo yanapikwa kwako, wakati mwingine ukiwa katikati ya mchezo. Ile picha inayokwama nusu sekunde ukiingia chumba kipya mara nyingi ni hiyo. Usikimbilie kununua ramu kwa sababu hiyo.

*Habari ya kazi kaka. Nataka kufungua kibanda cha gemu Uyole. Mdogo wangu ananishauri ninunue kompyuta kwa kuwa zinafanya na kazi za uchapaji. Nisikilize?*

Hapana dada, na hapa najua nawaudhi rafiki zangu wa kompyuta. Mteja wa kibanda analipa kwa mechi. Anataka kushika padi, kufungwa, kulipa na kumpisha mwingine. Kompyuta itakuomba apdeti watu wamepanga foleni, itaingiwa na virusi vya flashi ya mtoto wa jirani, na siku moja utawasha ukute ramu imepungua na hakuna aliyeiona. Uchapaji fungua meza ya pembeni.

Chukua PS4 mbili zilizotumika, ila uziwashe mbele ya muuzaji, uingie mtandaoni uhakikishe hazijafungiwa, uweke diski na ucheze nusu saa nzima ukisikiliza feni. Tenga fedha ya padi kila mwezi, vijiti vya padi ndivyo vinavyokufa kwanza. Nunua stebilaiza kabla ya kununua TV ya pili, na mvua za radi zikianza chomoa kila kitu ukutani, usitegemee swichi.

Hujauliza, lakini mwenye sare asiingie saa za masomo. Mwenyekiti wa mtaa akija kukufungia usiniandikie.

*Akaunti yangu ya PSN, ule mtandao wa gemu wa Sony, niliifungua nikaandika naishi Afrika Kusini. Nina shida? (Tunduma)*

Unayo, pamoja na nusu ya wasomaji wangu. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, kwa hiyo watu wanadanganya makazi. Nchi ya akaunti ukishaiandika haibadilishwi, na kadi ya benki ya hapa inaweza kukataliwa. Usiweke humo fedha usiyokuwa tayari kuipoteza.

Kwenye kompyuta mnadhani mmesalimika. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wenye gemu ya Helldivers 2 kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, lazima waunganishe akaunti ya PSN. Wachezaji wakachachamaa, sharti likafutwa ndani ya siku chache, lakini gemu ilikuwa imeshaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN. Gemu ileile, kompyuta ileile. Mimi nafurahi God of War ya Sony kufika kwenye kompyuta Januari 2022 na Forza Horizon 5 ya Microsoft kuingia PS5 mwaka 2025. Kuta zinabomoka. Ila kabla ya kulipa soma yale maandishi madogo yanayotaja akaunti ya nani unayotakiwa kuwa nayo.

*PS5 yangu imeanza kupata moto. Kuna fundi hapa Makambako anabadilisha pesti za laptop, zile za kupitisha joto la prosesa, nimpe? Na vumbi nipulize kwa kompresa ya gereji?*

Kompresa ya gereji inatema maji na mafuta. Acha. Tumia brashi laini, na ufyonze kwenye vile vitundu viwili vya vumbi ukishatoa kifuniko cha pembeni.

PS4 mpe huyo fundi, pesti ni ileile ya kompyuta. PS5 usimpe. Juu ya prosesa, badala ya pesti, kuna metali ya majimaji, na inapitisha umeme. Wiki iliyopita nililetewa moja iliyofunguliwa kama laptop, metali imetambaa hadi kwenye bodi. Mwenyewe ameiacha hapa dukani, mimi nimechukua padi yake tu.