Umefiwa na mzazi ukiwa Ulaya, na sasa Machi imefika

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Ujerumani aliniandikia. Baba yake alifariki Januari, hakuweza kwenda kumzika, na sasa baridi inapungua, wenzake kazini wamechangamka, naye anaona kama wanamsimanga. Aliniuliza mimi nilifanyaje. Jibu likawa refu, nikaona tulisome wote, maana tulio huku wengi tumebeba msiba wa namna hii.

Mama yangu alifariki Lushoto, Novemba 2024. Mimi niko Leeds, nahudumia wazee. Ombi langu la kuongezewa kibali cha kuishi lilikuwa bado halijajibiwa, na ukitoka Uingereza katika hali hiyo ombi linahesabika umeliondoa mwenyewe. Mama akazikwa kesho yake baada ya adhuhuri, nami natazama kwenye simu. Aliyeshika simu alisimama nyuma ya watu. Nilichoona ni migongo ya kanzu, kisha udongo mwekundu, kisha bando likamwishia.

Kwetu msiba ni watu. Kuna turubai, kuna mikeka, kuna kina mama wanaomenya ndizi uani huku wakikukataza kukaa peke yako. Mimi nililia chumbani, nikaoga, nikaingia zamu ya usiku. Halafu ndugu mmoja akaandika kwenye kundi la familia: "Wengine uchungu wao unaishia kwenye kutuma hela." Hela hiyo ndiyo iliyonunua sanda na kuwalisha waliokuja kuzika. Nimeshamsamehe kwa ulimi, moyo bado unavutana.

Desemba ya kaskazini mwa Uingereza sina haja ya kuieleza. Magharibi inaingia saa kumi kasorobo. Miezi ile naipita.

Ramadhani ya 2025 hapa tuliianza tarehe 1 Machi, ya kwanza bila mama kunipigia na kuuliza, "Umefuturu nini huko?" Siku za mwanzo tulifuturu kabla ya saa kumi na mbili, na kila jioni muda ukasogea dakika moja au mbili. Tarehe 20 Machi, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana dunia nzima, nilikuwa jikoni nachemsha magimbi ya friza niliyonunua Harehills, mtaa wa hapa Leeds, na tui la kopo. Vioo vimejaa mvuke. Nikafuta kimoja kwa kiganja, nikaona jua bado liko juu ya mapaa, na saa inakaribia kumi na mbili na robo. Lushoto nao kwa saa zao walikuwa wamefuturu saa kumi na mbili na nusu na ushei. Tangu nifiwe, siku yangu haikuwahi kufanana na ya nyumbani namna ile. Nikala, nikashiba, nikacheka na mwenzangu wa nyumba hadi machozi.

Usiku huo nikajisuta: mama yuko kaburini, mimi nacheka?

Mdogo wangu, furaha ikija usiifukuze. Marehemu hapungukiwi na kitu ukicheka. Anachotaka kwako ni dua, na dua inahitaji mtu aliyekula, aliyelala, mwenye nguvu za kuinua mikono. Mwanga unaporudi, toka nje. Ukitoka kazini shuka kituo kimoja kabla ya chako, utembee. Mimi nilipita kila siku penye maua ya njano ya dafodili kando ya barabara. Vitunguu vyake hupandwa kabla ya baridi kali, na bila kupigwa na baridi hiyo wiki nyingi havitoi ua. Kujua hilo kulinisaidia kuliko pole nyingi nilizopewa.

Kingine: waite watu, hata kama miezi imepita. Nilikusanya wanawake ninaowafahamu, wa Mombasa, wa Unguja, na jirani yangu Mkongo ambaye ni Mkristo, tukamsomea mama hitima. Mmoja aliuliza mbona sasa. Nikamwambia matanga yangu sikuyapata. Hakuuliza tena, akaenda kukuna nazi.

Walio Uingereza wajiandae na Siku ya Mama, ambayo hapa huangukia Machi au siku za mwanzo za Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 30 Machi, siku saa zilipopelekwa mbele na wengi wetu tukasali Idi. Maduka mengi ya mtandaoni huuliza mapema kama ungependa usitumiwe matangazo ya siku hiyo. Kubali. Hakuna ujasiri wowote katika kufungua simu na kukuta "Umemnunulia mama nini?"

Na nyinyi mlioko nyumbani, msitupimie uchungu kwa tiketi ya ndege. Mkishika simu makaburini, songeni mbele, tumwone mzazi wetu.

La mwisho, shika kitu kimoja cha mzazi kinachofuata majira. Mama ndiye aliyekuwa akinitangazia masika, na mvua za kwanza huko hukutana na Machi yetu hii. Sasa kila Februari natuma hela ya mbegu na kaka ndiye analima. Mwaka huu tulibishana kama kipande cha bondeni tupande maharage, kama mama, au viazi. Kaka ameshinda. Tumepanda viazi.