Kitufe Hakifafanuliwi

SWALI: Natengeneza kiendelezi (programu ya nyongeza) cha Visual Studio Code, kihariri cha kuandikia programu za kompyuta, na maelezo yake nayaandika kwa Kiswahili. Je, niandike "kufafanua njia za mkato za kibodi kwa ajili ya amri", au kuna namna bora zaidi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Na "njia ya mkato" sina ugomvi, ijapokuwa mitaani ina sifa mbaya: aliyetajirika kwa njia ya mkato tunamtazama mara mbili. "Kitufe" ni tufe dogo, na ingawa vya siku hizi ni bapa, jina limeshakaa. Anayekiita "ufunguo" aende akafungue mlango.

Kilichonipandisha mori ni hilo "kufafanua". Kufafanua ni kulieleza jambo mpaka lieleweke. Kila aliyewahi kukaa chumba cha mtihani anaikumbuka ile "Fafanua, kwa mifano". Sasa programu ikiniambia "Fafanua kitufe", nitajibu: kitufe ni kidude cha plastiki, kina herufi usoni, kikimwagikiwa chai hugoma. Alama zangu nimepata, ila amri bado haina pa kubonyezea.

Tazama kinachofanyika hasa. Ndani ya package.json, faili la maelezo ya kiendelezi, kwenye sehemu ya vitufe iitwayo "keybindings", unaandika jina la amri, kisha vitufe vyake, tuseme ctrl+alt+h; ukipenda unaongeza sharti la "when", ili vifanye kazi pale tu mtu anapokuwa ndani ya kihariri. Kimefafanuliwa nini hapo? Amri imepangiwa vitufe, basi. Mwalimu mpya hupangiwa kituo cha kazi. Sijasikia aliyefafanuliwa kituo. Tena mwalimu akichoshwa na kituo huomba uhamisho, na mtumiaji naye akivichukia vitufe vyako atabonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S, ifunguke orodha ya njia za mkato, aipangie amri ileile vitufe vingine, na vyake ndivyo vitakavyofuatwa. Uhamisho huo kwa lugha ya wafafanuzi unaitwaje? Kufafanuliwa upya?

Kosa lilikotoka nakujua: kamusi ya Kiingereza ilifunguliwa penye "define", ikasomwa maana ya kwanza, ikafungwa.

Andika "Kupangia amri vitufe vya mkato". Ukipenda "njia za mkato", haya, zipange, sitakuandama. Lakini hiyo "kwa ajili ya" ifute leo hii. Kauli ya kutendea imo ndani ya "kupangia", na kazi hiyo imeshaifanya bila malipo.